Kiraka cha Mlangoni

Kaka,

Salamu zako zimefika. Mimi mzima, ila nina hasira nawe. Ile ndege ndogo ya jeshi aliyorusha baba, akipeleka barua na maofisa vitani, mimi na wenzangu wa karakana tumehangaika kuifufua miaka sita, kwa mapenzi tu. Mabawa nimeyavika kitambaa, nikayashona kwa mkono hadi vidole vikaota sugu. Sasa injini inanguruma. Paka wetu kazalia kwenye kiti cha rubani.

Wewe umekuja Jumamosi moja tu, mimi sipo, ukabandua kiraka cha mlangoni na kupaka rangi, eti "ipendeze kwenye picha." Nani alikutuma, na kimbelembele chako? Kiraka kile alikishona marehemu mama kwenye kitambaa cha mlango, pale risasi ilipopita. Nimekiokota kwenye pipa la taka!

Jana nilimleta baba. Macho yake, unajua, hayaoni tena. Aliupapasa mlango wote, juu hadi chini, mara mbili. Kisha akaniuliza kwa upole, "Hii ya nani, mwanangu? Nipeleke kwenye yangu."

Njoo umjibu wewe.

Mdogo wako