Msuko Mmoja Uliofumuka

Port Victoria, Jumatatu

Cindy wangu,

Huku tuko salama. Omena tulizovua zimekauka vizuri, na yule kuku wako mweupe ameangulia vifaranga ndani ya beseni langu la kufulia. Nimeshindwa kumfukuza.

Picha zako naziona mtandaoni. Ijumaa ulikuwa hotelini, Jumamosi mpakani, jana unatoka kanisani, na watu wanakumwagia sifa. Lakini mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kusuka. Nguo umebadilisha, ila msuko ule ule umefumuka juu ya sikio. Hizo ni picha za siku moja, unazitoa kidogo kidogo kama akiba. Na jirani yako Vivianne, alipokuja kununua samaki, aliniambia siku hizi hufungui hata dirisha.

Nikikuuliza kwa simu unanijibu kwa vile vikatuni vya kucheka. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Njoo nyumbani. Nitakufumua kichwa chote, nikusuke upya polepole, na hakuna atakayekupiga picha. Ukifika usijilazimishe kucheka. Mimi nakupenda hata ukiwa umenuna.

Shangazi yako anayekungoja na kitana mkononi,
Zilpa