Jina la Dina Jiweni

Kamsamba, 2 Juni 2024

Mwanangu Fausta,

Salamu nyingi za huku kwenye joto. Hujambo? Wajukuu zangu wazima? Mimi mwili hauumwi, ila siwezi kukaa mahali pamoja. Nazunguka nyumba, nakaa, nainuka tena. Naandika kwa sababu simu ni ya kaka yako Edson, na nikiongea kila mtu anasikia.

Nenda misheni, kwenye makaburi ya zamani. Utaona mawe niliyochonga ujanani. Tafuta dogo lenye ndege wawili, upande wa mikaratusi. Ni la mtoto mmoja wa mapacha, alifariki mwaka 1973. Niandikie jina lililopo. Usiniulize kwa nini.

Baba yako,
Osea

Chapwa, Tunduma, 16 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, Brian tu anakohoa. Umetulia kidogo?

Nilikwenda Alhamisi. Baba, sikujua mikono yako imefanya kazi ile! Kuna njiwa unaweza kumhesabu manyoya. Jiwe la ndege wawili nililikuta. Jina ni DINA, lakini limekwaruzwa kwa msumari, herufi ya kwanza inakaribia kufutika. Mlinzi, mzee Jairo, akaniambia, "Anayelikwaruza ndiye mwenye jina. Yuko hai, anauza dagaa Nakonde."

Nikakosa raha. Jumamosi nikavuka mpaka. Nilimpata kwa maelekezo ya mzee Jairo, ila sokoni wote wanamwita Roda. Nilipotaja lile jiwe aliacha kupima dagaa.

"Roda ni pacha wangu," akasema. "Ndiye aliyekufa. Mchongaji akaandika jina langu. Mama akaogopa kaburi lisije likaniita, akaanza kuniita Roda. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuniita Dina tena mpaka tulipomzika."

Sikumwambia mimi ni binti wa nani. Nimwambie nini, baba?

Mwanao,
Fausta

Kamsamba, 25 Juni 2024

Fausta mwanangu,

Hujambo? Kikohozi cha Brian vipi? Mimi naendelea, namshukuru Mungu.

Kosa nililiona siku ileile ya kulisimika jiwe. Wiki ile nilikuwa namwoa mama yako, akili haikuwepo kazini. Wale pacha niliwafahamu wote wawili, nikachonga jina la aliye hai. Baba wa wale watoto alisoma, akanigeukia. Nikamwambia, "Karatasi uliyoniletea imeandikwa hivyo." Nilimdanganya. Karatasi yake ilisema Roda. Nilikwenda nyumbani nikaichoma. Yule baba aliishi akiamini amemkosea mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.

Mwambie yote. Mwambie niko tayari kuja kulisahihisha.

Baba yako,
Osea

Chapwa, 3 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika dagaa wake, akaondoka bila kuaga. Nimerudi mara mbili sijamkuta. Nami nina hasira na wewe, sikufichi. Usije kwanza.

Fausta

Chapwa, 19 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ulifika salama? Mgongo umepumzika baada ya kuinama kutwa nzima?

Nilikuona ulivyopanda gari umeinamisha kichwa. Najua hukupata ulichokijia. Mwenye jina mwenyewe ndiye aliyetuma ujumbe uje, lakini ulipomwomba msamaha akakujibu, "Chonga kwanza." Ukafuta, ukachonga, na ulipomaliza akapitisha kidole kwenye kila herufi ya RODA. Mimi pia nilidhani yameishia hapo.

Tulirudi naye Tunduma. Mpakani nikamsindikiza. Wanawake wa sokoni kwake wakampokea, "Roda, umerudi?" Akaitika vizuri tu, "Nimerudi." Kisha akanishika mkono, akanivuta pembeni.

"Hawa siwezi kuwabadilisha," akasema. "Wajukuu wangu, kanisa, kitambulisho, vyote ni Roda. Nami nimezoea. Lakini nimekaa pale kaburini nikagundua kwamba watu walionijua kabla ya lile jiwe wamekwisha wote. Amebaki baba yako."

Nikamuuliza kama amekusamehe.

"Bado," akasema. "Mwambie aje tena kabla ya mvua. Aje nyumbani, asije na patasi. Akifika mlangoni aniite Dina, nione kama nitaitika."

Nimeshamwambia Edson akukatie tiketi.

Mwanao,
Fausta