Uzi Mweupe Juu ya Mlima

Kyoto,
9 Februari 1961

Mpendwa Shangazi Fusae,

Hujambo huko Brazili? Na kifua je, kimetulia? Sisi huku baridi inatutafuna, lakini tu wazima. Figili za chumvi zimefika? Mama anauliza kila wiki.

Shangazi, nivumilie mwandiko, vidole bado vina rangi. Unajua huu ni mwaka wangu wa tatu najifunza kuchapa picha kwa vibao vya mbao kwa Fundi Kuwabara. Juzi alinikabidhi karatasi mia mbili za picha ya mlima wa misonobari. Rangi kumi na moja alishazichapa mwenyewe, na mkono wake unavyomuuma! Ilibaki anga tu, buluu inayofifia kuelekea chini.

"Ukiliweza anga, unabaki," akasema. "Likikushinda, rudi kwenu ukauze tofu ya soya na baba yako." Wala hakuwa anatania.

Karatasi zetu huchapwa zikiwa na unyevu. Zikikauka hata kidogo zinasinyaa, na rangi haikutani tena na mchoro. Hilo kila mtu hapa analijua. Nami, mjinga mimi, jana asubuhi moshi wa jiko la mkaa ulinizidi, nikafungua dirisha, upepo mkavu ukaingia. Nikasugua karatasi juu ya kibao wee, raha tupu. Ya hamsini na tatu nikaiinua kwenye mwanga. Kati ya anga na mlima palikuwa na uzi mweupe wa karatasi tupu.

Nikapekua za nyuma. Uzi, uzi, uzi! Nikakimbia kufunga dirisha.

Sukehiro, mwanafunzi mwenzangu, akachungulia. "Nyamaza. Zichanganye na nzima. Kwani mnunuzi atavaa miwani mitatu?"

"Na Fundi je?"

"Fundi kajilaza chumba cha pili na mkono wake. Haya, kalie huko, wateja wa tofu wanakusubiri!"

Sikufichi Shangazi, nilizichanganya. Nikaketi kuendelea, mkono ukakataa. Nikaona aibu, aibu kweli. Nikazichambua upya, nikazibeba mpaka kwa Fundi, nikapiga magoti. Nilishajua nafukuzwa.

Hakuzitazama. "Ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Arobaini na mbili. Karatasi kavu inalia vingine ikisuguliwa. Nimezihesabu humu humu nikiwa nimelala. Kaitafute hiyo moja."

Nikarudi, nikaitafuta huku machozi yananitoka. Kweli ilikuwepo, katikati ya nzima. Nikampelekea.

Akaipapasa ukingoni kwa kidole. Kisha akasema, "Hizo arobaini na mbili tunazianza upya, rangi zote kumi na mbili. Mkono wangu hauwezi tena. Utasugua wewe, mimi nitasikiliza."

Nisalimie Mjomba Yasunori na binamu zangu wote wa huko. Mama anakukumbatia. Miungu ya nyumba yetu ikuepushie maradhi, na wewe uniombee mikono yangu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nikikaa bila kuandika,
Chikage