Magari Matano Uani

Chumba cha tatu, ghorofa ya pili,
Nyuma ya stendi ya mabasi.
Jumamosi, 14 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kulalamika. Mkaza mjomba je, miwani mipya imemkaa? Mimi sijambo, ingawa wiki hii roho ilinifika kooni. Usihofu, mambo yameisha vizuri.

Kwanza nakushukuru kwa kunifundisha kukusanya vigari vya chuma. Nimekutii: nimechagua aina moja tu, magari ya kazi. Fundi saa wa hapa chini ana sanduku la kioo lililojaa vigari vya kuuza. Siku ya kwanza aliniuliza mtoto wangu ana miaka mingapi. Nikamwambia sina mtoto. "Basi mtoto ni wewe," akasema. "Chagua taratibu, babu yako nipo."

Sasa ninavyo vitano: zimamoto, ambulansi, tipa, tingatinga na gari la taka. Vyote vinaenea kwenye boksi la viatu. Jioni navipanga mezani, navipangusa kwa mswaki laini, na uchovu wote wa kazi unakwisha.

Ulisema pia kila kigari kiandikiwe kilikopatikana na kasoro zake. Hapo ndipo nilipojitia matatani. Unajua mimi ni karani wa masjala, siwezi kuandika kitu bila kukifungulia jalada. Niliona haya kuandika neno "kuchezea" juu yake, nikaandika "Magari ya Kazi: Kumbukumbu ya Hali". Ndani nikaeleza kila kitu: ambulansi haina mlango wa nyuma, zimamoto ina tairi moja lisilozunguka. Jumatatu nilikwenda nalo ofisini ili nilimalizie saa ya chakula. Tarishi akalizoa pamoja na mengine, akalipeleka kwa Mkuu wetu.

Na wiki hiyohiyo, Mjomba, Mkuu alikuwa aamue kama nithibitishwe kazini au nifungashe virago, maana miezi yangu sita ya majaribio ilikuwa imekwisha.

Jumanne jalada likarudi. Mkuu alikuwa ameandika dokezo kwa Afisa Usafirishaji, kwa wino mwekundu: "Tangu lini tuna gari la zimamoto? Na nani aliyeng'oa mlango wa ambulansi?" Afisa naye alikuwa amejibu chini yake: "Mlango ulikuwa umeshang'oka kabla sijahamia hapa." Kisha Mkuu tena: "Karani alete magari yote matano uani, saa tisa, yakaguliwe."

Saa ya chakula nikakimbia nyumbani kulichukua boksi. Saa tisa nikateremka na boksi kwapani. Mkuu na Afisa walikuwa wamesimama kwenye jua kali, lango limefunguliwa wazi ili tipa lipite.

"Madereva wako wapi?" Mkuu akauliza.

Nikaweka boksi chini, nikafunua. "Ni yangu, Mzee. Nayakusanya." Sauti ilitoka kama ya mbu.

Afisa akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mkuu akachuchumaa na suti yake, akaishika ambulansi, akaigeuza, kisha akamtazama Afisa. "Kumbe mlango huu uling'oka kabla hujahamia." Afisa akaacha kucheka.

Mkuu akalinganisha kila kigari na jalada, tairi kwa tairi. Alipofika kwenye zimamoto akalizungusha tairi lile bovu kwa kidole, likagoma, na yeye ndipo alipoangua kicheko mpaka akashikilia boneti ya gari lake.

"Magari yetu ya kweli hayana hata ukurasa mmoja ulioandikwa hivi," akasema. "Kuanzia kesho kumbukumbu zake utatunza wewe, kijana." Akaandika palepale juu ya boneti: "Yote matano yapo. Karani athibitishwe kazini."

Basi ndiyo hivyo, Mjomba, nimeajiriwa. Ila dokezo hilo limo ndani ya jalada la vigari, na jalada lenye dokezo la Mkuu haliruhusiwi kutoka ofisini. Limepewa namba, liko kabatini kati ya Madawati na Majengo. Siku yoyote mtu akitaka kuhakikisha kwamba mimi ni karani halali, itambidi kwanza asome habari za tairi la zimamoto.

Nisalimie mkaza mjomba, na Bibi, na binamu yangu Kifimbo. Mwambie tingatinga siligawi. Mungu akupe siha na miaka mingi, uzidi kutufunza.

Mpwa wako akupendaye na kukuheshimu,

Kimbaumbau