Joto la Chumba cha Marehemu Baba Yako

Mtaa wa Wafinyanzi,
Ghazni.
Mwezi wa Dalwi, theluji ikiwa bado magotini.

Mpendwa mpwa wangu Wasil,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye barafu. U hali gani? Mkeo Pashtana hajambo? Na watoto je, yule mdogo ameacha kula udongo? Nataraji wote mnaendelea vizuri huko Jalalabad, ambako nasikia watu wanaota jua katikati ya majira ya baridi bila hata kuona haya. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Magoti yananiuma kama kawaida, na chai naruhusiwa.

Barua yako ilifika ikiwa imelowa lakini inasomeka. Umeniandikia kwamba umesikia mama yako amechanganyikiwa, kwamba anakaa katika chumba alichofia baba yako, anapapasa sakafu na kuzungumza na marehemu. Ukaniomba, kwa kuwa mimi ndiye kaka yake wa pekee, nimwangalie akili yake na nimwandae, maana umeshapata mnunuzi wa nyumba na njia ikifunguka tu utakuja kumchukua. Nikuambie ukweli, nilipoisoma nilikuwa upande wako. Mwanamke mmoja na nyumba nzima, tena kwenye baridi hii, ya nini?

Basi nilikwenda. Nilimkuta mama yako yu mzima, ananikaripia kwa kuingia na theluji viatuni. Nikamuuliza habari za chumba. Akaniambia, "Nenda kapapase mwenyewe, si una mikono?"

Nikaenda. Wasil, ni kweli. Chumba chote baridi ya kukatika meno, maji ya kunywa yameganda kwenye birika, ila pale karibu na ukuta, mahali alipokuwa akilala baba yako, pana joto. Pana ukubwa wa godoro moja hivi. Ukitoka hapo hatua moja, unakanyaga barafu. Mama yako akanieleza kwamba joto huja alasiri, hushinda mpaka usiku, na kufikia alfajiri limekwisha. Tangu theluji ya kwanza iko hivyo.

Mtaa mzima unajua. Wanawake wanaleta watoto wenye mafua wakae pale. Mulla wetu aliitwa kuja kumfukuza jini. Alifukiza, akasoma, akaweka kiganja sakafuni, halafu akaweka na kiganja cha pili, halafu akakaa kabisa. Hakunyanyuka mpaka alipokwisha kunywa birika zima la chai. Akatoa hukumu kwamba jini huyu ni Mwislamu na asisumbuliwe. Siku hizi hupita kila baada ya sala ya alasiri kuhakikisha kwamba bado ni Mwislamu.

Mimi unanijua, sina ugomvi na majini ila sipendi wasingiziwe. Ulipokuwa mdogo chumba kile kilikuwa cha tawakhana. Jiko liko upande wa pili wa ukuta, moshi wake unapita kwenye mifereji chini ya sakafu na kutokea kwenye dohani ya upande wetu, na mawe ya sakafu yanashika moto mpaka usiku. Mahali pa karibu na jiko ndipo penye joto zaidi, ndiyo maana alipewa baba yako akiwa mwana mkubwa wa nyumba. Lakini jiko lile halijawashwa miaka na miaka, na sababu yake pengine hukumbuki, kwa hiyo nitakukumbusha.

Babu yako alipofariki, baba yako na baba yako mdogo Yakubu waligawana nyumba. Wakagombania mforosadi wa uani. Kwa ajili ya mti! Kila mmoja alisema baba aliupanda kwa ajili yake. Hasira zilipopanda wakajenga ukuta katikati, mti ukaangukia upande wa Yakubu, na wajukuu wa Adamu wale wawili wakaridhika kwamba wamegawana kila kitu. Ukuta ulipokauka ndipo walipogundua kwamba wamegawa juu wakasahau chini. Jiko limebaki kwa Yakubu, sakafu yake imebaki kwa baba yako Sarwar. Yakubu akiwasha moto, anayeota ni adui yake. Basi hakuwasha. Na baba yako hangeomba hata kama angeganda, na karibu agande. Wote wawili sasa wako makaburini, Mungu awarehemu, na huko nadhani hawana ukuta.

Wake zao wakarithi kununa. Mama yako aliapa juu ya kaburi la baba yako kwamba hatamsemesha tena mama yako mdogo Zewar, mke wa Yakubu, kwa sababu hakuja mazishini. Zewar naye anasema hakuja kwa sababu hakuitwa. Wamekaa hivyo, wajane wawili, wanasikiana wakipiga chafya na hawaambiani hata afya.

Sasa turudi kwenye jini. Theluji ilianguka nzito, nami nikapanda darini na koleo kuiondoa kabla paa la udongo halijatuangukia. Ni kazi ya vijana, lakini vijana wenyewe wako Jalalabad wanaota jua. Nikafika kwenye ile dohani ya zamani. Theluji kila mahali imefika magotini, ila kuizunguka dohani pako wazi, udongo mkavu kabisa, joto limeyeyusha kila kitu. Nikainama kunusa. Moshi mwembamba, wa kuni za mforosadi.

Nikachungulia ng'ambo ya ukuta. Mama yako mdogo Zewar, na shali yake ya kijani, anachechemea kuelekea jikoni na kumbatio la matawi. Mti wenyewe umebaki nusu. Ameukata tawi baada ya tawi.

Nilishuka ngazi kwa haraka ambayo magoti yangu bado yananilaumu. Nikamwambia mama yako, "Dada, jini wako nimemwona. Ana shali ya kijani na anachechemea mguu wa kushoto."

Akanimiminia chai kana kwamba sikusema kitu. "Shusha sauti," akasema.

"Kumbe unajua!"

"Niliingia nyumba hii nikiwa bibi harusi, kaka. Jiko lile nimelipikia nikiwa na mimba ya Wasil. Nisijue joto lake?"

"Sasa hadithi ya jini ya nini? Mwanao anadhani umepata wazimu! Anataka kukuhamisha!"

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyechelewa kutembea. "Jini akiniletea joto, nalipokea, basi. Zewar akiniletea, ama nimrudishie, ama nimshukuru. Kumrudishia siwezi, nitaganda. Kumshukuru siwezi, nimeapa. Wewe ungefanyaje?"

Nikanywa chai.

Na lile la kuzungumza na marehemu, nimelisikia kwa masikio yangu. Kila alasiri joto likianza, mama yako hukaa pale, hugeuka ukutani na kusema kwa sauti ambayo hata mimi uani naisikia, "Ewe uletaye joto, Mungu akupe afya, akuondolee maumivu ya mguu!" Tangu lini jini akaumwa mguu? Upande wa pili husikii kitu, ila kidogo hivi mtu anakohoa, koh, kama anayesema nimesikia. Huo ndio wazimu wa mama yako, Wasil. Ningependa wengi wetu tuupate.

Nilikusudia kukuandikia siku hiyo hiyo na kuishia hapo. Sikuandika, nikasema nitaandika kesho, na kesho yake mambo yakabadilika.

Nilimkuta mama yako amepiga magoti pale mahali, kiganja sakafuni. Palikuwa baridi. Nikamtania, nikasema jini amesafiri kwenda Jalalabad kuota jua. Hakucheka. Alasiri ikapita, sakafu baridi. Mulla akaja, akapapasa, akasikitika, akaenda zake bila kunywa chai. Mama yako akakaa akielekea ukutani, akasema dua yake. Hakuna aliyekohoa. Akairudia kwa sauti kubwa zaidi. Kimya.

Siku iliyofuata hali ni ile ile. Hakugusa mkate. Nikamwambia, "Niende nikaulize?"

"Utauliza nini? Wewe si wa nyumba ile."

Alikaa, akasimama, akakaa tena. Nilikuwa nikimwona anapigana na kile kiapo chake, na sikutaka kuingilia, maana kuapa aliapa yeye. Baada ya adhuhuri akajifunga shali, akajaza bakuli supu ya nyama iliyokaushwa, akalifunika kwa mkate, akasema, "Kaka, vaa viatu."

Katika ukuta hakuna mlango, kwa hiyo tulizunguka barabarani mpaka lango la upande wa pili. Wasil, kizingiti kilikuwa na theluji safi, haina alama ya mguu hata mmoja, wa kuingia wala wa kutoka. Mama yako aliiona, supu ikamwagika kwenye mkono wa nguo yake na hakuwa na habari. Mimi nilisema kimoyomoyo, tumechelewa. Nikausukuma mlango kwa bega.

Nilibaki uani, chini ya ule mti uliobaki nusu, kwa sababu chumbani kwa mjane si mahali pangu. Lakini mlango aliuacha wazi, na masikio ninayo. Halafu nikamsikia mama yako, kwa sauti kavu ya mtu anayeulizia kuku wake aliyepotea:

"Nimekuja kumtafuta jini wangu. Siku mbili hajaja."

Halafu sauti nyembamba kutoka chini ya mablanketi:

"Jini wako ana homa."

Nakuambia waziwazi, mpwa wangu, niliugeukia mti nikalia. Usimwambie mkeo.

Humo ndani hawakukumbatiana wala nini, usifikiri. Mama yako alianza kugomba papo hapo. "Na kuni unazochoma ni mbichi! Chumba changu kinanuka moshi!"

"Ungeniletea kavu."

"Nani alikutuma kuwasha?"

"Kikohozi chako cha mwaka jana, dada. Usiku kucha koho koho koho, ukuta wenyewe ulikuwa haulali. Nikasema mwaka huu niwashe, angalau nipate usingizi."

"Kunywa supu hiyo, usinipigie maneno."

Mfinyanzi wa jirani na mkewe walitusaidia. Mimi niligeuza uso ukutani, wanawake wakamfunika Zewar mablanketi, wakamzungusha barabarani mpaka upande wetu, wakamlaza pale pale alipokuwa akilala baba yako. Kisha mama yako akarudi peke yake upande wa Zewar, akaingia jikoni, akawasha jiko lililokuwa lake kabla ya ukuta. Sakafu ilipoanza kupata moto, Zewar aligonga ukuta kwa kiatu, na mama yako upande wa pili akakohoa.

Homa imeshuka. Bado ni dhaifu, ila amekwisha kuanza kulalamika kuhusu chumvi, na hiyo ni dalili njema. Mama yako anafunga saumu za kafara ya kiapo chake, na kwa hiyo ana hasira tangu asubuhi mpaka magharibi. Wanagombana kutwa. Mulla amerudi kwenye chai yake, lakini wanamkalisha chumba cha nje, hana furaha.

Sasa kuhusu nyumba. Nimemwambia mama yako kwamba una mnunuzi. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Mwambie Wasil nyumba yangu siiuzi, nina mgonjwa." Nikamwambia mgonjwa atapona. Akasema, "Akipona nani atanigombeza?" Akili yake ni timamu kuliko yangu na yako. Nilikuja upande wako, na sasa siko tena. Ukimtoa hapa utamuua, nakuambia hivyo mimi mjomba wako, na kule kwenye jua lenu hakuna atakayemkoholea.

Mvunje moyo huyo mnunuzi kwa upole. Njia ikifunguka njoo wewe mwenyewe, usije na gari la kubebea vyombo, njoo na sururu. Wazee hawa wawili wanataka mlango kwenye ukuta, wamechoka kuzunguka barabarani, na mimi magoti hayaniruhusu kubomoa. Wamekwisha kuugombania upana wake. Watakuonyesha mahali.

Nisalimie Pashtana na watoto, hasa yule mla udongo. Mfinyanzi na mkewe wanakusalimu. Mama yako anakusalimu, anasema uvae nguo za ndani hata kama kuna jua. Na kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa huna ndevu, mama yako mdogo Zewar naye anakusalimu. Amelala pale kwenye joto, nami naandika nje ya mlango, akaniambia niandike hivi: ukija na machungwa ya huko, usiyagawe mafungu mawili, lete ya nyumba moja, ila mengi.

Mungu awahifadhi nyote, awape mioyo inayoshika joto.

Mjomba wako akupendaye,
Ghausuddin