Joto la Jumapili saa Kumi Kasorobo

Stadskanaal,
11 Januari

Kwa kaka yangu Wolter,

Salamu zangu zikukute mzima huko Alberta, wewe na wifi yangu Marlene na wale mabinti wawili ambao kwenye picha ya mwisho naona wameshanipita urefu. Goti linaendeleaje? Mama ananiuliza kila siku, na kila siku namjibu kwamba linapona, kwa hiyo tafadhali lipone. Sisi huku hatujambo. Mama ana kile kikohozi chake cha kila Januari na masikio yamezidi kuwa mazito, lakini ulimi uko vilevile, mzima kabisa. Mfereji wa mbele ya nyumba umeganda tangu Jumanne, na watoto wa jirani wanaujaribu kwa visigino kama tulivyokuwa tukifanya sisi.

Barua yako ya Krismasi nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Umesema hutakuja Aprili, Mama anapotimiza miaka themanini, wala hutakuja kuiaga nyumba kabla hajahamia kwenye ghorofa la wazee. Umeandika kwamba Baba alikufuta, kwamba miaka thelathini na moja, tangu uondoke mpaka anakufa, hakushika simu hata siku moja kuzungumza nawe, na kwamba huwezi kuingia katika nyumba ambayo mwenyewe hakukutaka. Sikukupigia kukujibu kwa sababu ungenikatiza, nakujua. Kwenye barua huna budi kunisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake si mzuri kwangu.

Jumamosi mchana nilikuwa sebuleni nafunga vyombo vya Mama kwenye makasha. Nilipoondoa picha ya babu, nikaiona ile alama ya penseli ukutani, kando ya kidhibiti joto. Unaikumbuka? Nyuzi kumi na nane. Kidhibiti chenyewe kimebadilishwa mara mbili tangu uondoke, na karatasi ya ukuta mara tatu, na kila mara Baba aliichora alama upya kabla gundi haijakauka. Fundi wa boila wa mji mzima, anayezipasha moto nyumba za watu, halafu kwake tunakunywa supu ya njegere tumevaa makoti! Nilicheka peke yangu niliposimama pale. Nilikumbuka alivyokuwa akituambia gesi haiokotwi barabarani, nawe ukamjibu kwamba gesi yenyewe inachimbwa hapa hapa kwetu, chini ya kitanda chako, kwa hiyo ni yako. Mama alilazimika kutoka nje akacheke bustanini.

Na kitambaa, Wolter. Nimekikumbuka kile kitambaa cha vyombo mpaka machozi yamenitoka. Ulikuwa na miaka kumi na tatu ulipogundua kwamba hakuna haja ya kugusa kirungu cha kidhibiti. Unachovya kitambaa kwenye maji ya bomba ya Januari, unakikamua kidogo, unakifunika kidhibiti chote. Chenyewe kinadhani chumba kimekuwa barafu, kinaiita boila, na boila inanguruma kama imetukanwa. Kazi yangu ilikuwa kukaa dirishani kumwangalia Baba asije. Akifika, kitambaa kiko jikoni, kirungu kiko pale pale kwenye alama yake, na sebule ina joto la tanuri la mkate. Alikuwa anasimama katikati ya zulia akijikuna shingo, anasema, "Hii boila ina wazimu." Akaifungua mara ngapi? Mara tano? Sita? Sisi tulidhani tumemweza.

Nadhani kazi yangu ilianzia pale, dirishani. Sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya, na leo lazima nikueleze, kwa sababu jambo lenyewe limo humo. Tuko watu sita kule Assen. Tunatengeneza kisanduku kidogo, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachofungwa kwenye waya kati ya kidhibiti cha ukutani na boila. Ni mkalimani. Ukuta ukisema unataka nyuzi kumi na tisa, kisanduku kinaipelekea boila maneno hayo, na boila ikijibu, kinarudisha jibu. Na kila neno lililopita hapo kinaliandika, pamoja na saa na dakika. Mimi ndiye ninayeijaribu ile programu inayokaa ndani yake kabla haijapelekwa kwa watu. Nailaghai, naichokoza, naiudhi, nione itavunjikia wapi. Kwa kifupi, bado niko na kitambaa changu.

Utaratibu wetu ni kwamba kila mmoja anajaribu kisanduku kimoja nyumbani kwake kwa majira mazima ya baridi. Kwangu hakuna boila, jengo zima linapashwa kutoka mtamboni, kwa hiyo mwaka juzi mwezi wa Septemba nikakileta kwa Baba. Alikigeuzageuza mkononi, miwani kwenye ncha ya pua. "Nimezungumza na boila miaka arobaini na mbili bila mkalimani," akasema. Halafu akanifungia mwenyewe, kwa bisibisi yake, na waya akazipanga vizuri kuliko ambavyo ningezipanga mimi. Alipomaliza akamwita Mama aje aone kazi ya mhandisi wake.

Oktoba nikaanza kuona kitu katika maandishi ya kisanduku. Wiki nzima nyumba ilikaa kwenye kumi na nane, kama dini. Lakini kila Jumapili saa kumi kasorobo alasiri, ukuta uliomba nyuzi ishirini na moja ghafla, ukakaa hapo saa nzima au zaidi, kisha ukarudi kumi na nane. Nikampigia Baba nikamuuliza kama anakigusa kidhibiti. Alikasirika. "Mimi? Nimerukwa na akili?" Nikamuuliza Mama, akasema yeye hajakigusa tangu aolewe, anajua kina mwenyewe. Nikaamini. Nani angeamini kitu kingine? Nikaliandika kama kosa la kifaa: ombi lisilo na chanzo, kila Jumapili.

Wiki tano nililifukuza kosa lile. Nilibadilisha waya, nilibadilisha kisanduku. Mwisho Bwana Elzinga, mkubwa wangu, akasema hizo ni kelele tu kwenye waya, tuzichuje. Mimi ndiye niliyependekeza chujio lenyewe: ombi lolote linaloruka zaidi ya nyuzi mbili kwa mara moja lisipelekwe kwenye boila, liwekwe tu kwenye orodha ya taka. Nikaipakia programu mpya kwenye kisanduku cha Baba wiki ya kwanza ya Desemba. Jumapili iliyofuata boila ilitulia kabisa. Jumatatu nikapeleka keki ya tufaha kazini, tukala wote sita, tukanywa kahawa, nikapongezwa.

Orodha ya taka sikuisoma. Nani husoma taka?

Jumamosi hii, baada ya kuiona ile alama ya penseli, nilienda kukichomoa kisanduku kwa sababu boila itang'olewa Mama akishahama. Nikakiunganisha na kompyuta hapo hapo kwenye meza ya kulia, ili niyahifadhi maandishi yake. Mama alikuwa akifunga vikombe kwenye magazeti na kuzungumza, unajua anavyozungumza, bila kituo. Alikuwa akisema kwamba ataikumbuka korido. Nikashangaa, maana korido ile ni baridi kama kisima, na ndiko simu iliko. Akasema hapana, Jumapili ilikuwa na joto zuri, ulipokuwa ukipiga. Aliweza kukaa kwenye kile kiti cha majani saa nzima akizungumza nawe bila hata shali. Halafu akasema, "Na baba yako na mlango wake! Kila Jumapili anataka mlango wa sebuleni uachwe wazi, ati paka apite."

Wolter, paka alikufa miaka minne kabla ya Baba.

Nilisimamisha mikono. Wewe unapiga saa kumi kamili, saa mbili asubuhi kwenu, kila Jumapili. Boila ile inahitaji robo saa kuipasha korido. Na Mama, kwa vile hasikii, anaiweka simu kwenye kipaza sauti mpaka jirani anajua habari za goti lako. Baba alikuwa akiketi kwenye kiti chake, gazeti mbele ya uso, mlango wazi, akikusikiliza. Na alikuwa akipasha joto ili Mama asiharakishe kukata.

Sasa nakuja kwenye langu, na naomba usiache kusoma. Niliifungua orodha ya taka. Jumapili ya kwanza ya chujio langu Baba aliomba nyuzi ishirini na moja mara moja. Kisanduku changu kikalizuia ombi lake. Jumapili ya pili mara nne. Ile iliyotangulia Krismasi aliomba mara kumi na moja katika dakika sita. Nilikaa nikihesabu kidole kwa kidole. Mzee wa miaka themanini na mbili amesimama mbele ya ukuta wake akizungusha kirungu, anakizungusha tena, na korido ya mkewe inabaki barafu, kwa sababu binti yake ameamua kwamba yeye ni kelele.

Ndiyo sababu Desemba ile Mama alikuwa akikukatia simu mapema. Ulinilalamikia, nakumbuka. Ulisema siku hizi Mama anazungumza dakika tano na kuaga, labda amekuchoka, labda mzee amemwambia kitu. Hakukuchoka, kaka. Alikuwa anatetemeka. Nawe ukaona afadhali upige mara moja kwa mwezi, Jumapili ya kwanza. Jambo lile nimelifanya mimi, kwa mikono yangu, na nikalisherehekea kwa keki. Nisamehe. Nimeandika neno hilo na kulifuta mara nyingi, lakini sina jingine: nisamehe.

Angeweza kukichomoa. Wewe unajua, na mimi najua. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwake siku zote, na ni skrubu mbili tu. Fundi kama yeye alishajua tangu Jumapili ya kwanza ni kitu gani kinachomkatalia. Hakukichomoa kwa sababu kilikuwa kazi yangu, na hakuniambia kwa sababu angelazimika kuniambia anataka joto la nini. Alituweka wote wawili, wewe upande huu na mimi upande ule, akajibana katikati.

Bado kuna jambo moja. Januari, orodha ya taka inakuwa tupu. Nikadhani amekata tamaa. Kisha nikatazama safu ya pili, ile ambayo kidhibiti kinaandika chumba kina joto gani. Jumapili tatu za mwisho za Januari, saa kumi kasorobo, kirungu kiko kwenye kumi na nane, hakikuguswa, lakini chumba kinaanguka kutoka kumi na nane mpaka kumi na mbili katika dakika chache. Na boila inawaka kwa nguvu zake zote. Chujio langu halikuona kitu, maana hakuna aliyeomba kuruka.

Hakuna chumba kinachopoa namna hiyo. Nilimuuliza Mama kama Januari ile aliona kitu chochote kwenye kidhibiti. Akasema ndiyo, kitambaa chake cha vyombo, kile chenye mistari ya bluu, kilikuwa kimening'inia pale, kinadondosha maji kwenye zulia, na alipomgombeza Baba alijibu kwamba anapangusa vumbi.

Alijua, Wolter. Alijua tangu una miaka kumi na tatu. Mara zile zote alizoifungua boila na kujikuna shingo, alikuwa anatuachia tupate joto.

Jumapili zile tatu korido ilikuwa na joto, mlango ulikuwa wazi, na simu haikulia, kwa sababu ulikuwa umeshapanga kupiga ile ya kwanza ya Februari. Alifariki Alhamisi, kabla Jumapili hiyo haijafika. Nisingeyaandika haya kukuumiza. Lakini umeniambia kwamba alikufuta, na mimi nina maandishi, yenye saa na dakika, kwamba hakukufuta.

Mama nimemweleza yote. Akasema, "Mjinga yule," akalia, akaenda kukitafuta kitambaa kwenye makasha. Anasema hakipakiwi kwenda ghorofani mpaka ukione.

Anakusalimu sana, na anaomba goti likunjwe taratibu. Mpe wifi Marlene mkono wangu, na mabinti wabusu hata kama itabidi uwainamishe. Mimi chujio nimelifuta, na kisanduku nimekirudisha mahali pake kwa skrubu mbili mpaka mwisho wa Aprili. Nimekiamuru kitu kimoja tu: kila Jumapili saa kumi kasorobo, nyuzi ishirini na moja. Kama utakuja, njoo. Kama bado hujaamua, basi piga, Mama atakaa kwenye kiti chake cha majani.

Mlango wa sebuleni nitauacha wazi, ili paka apite.

Mdogo wako,
Jantien