Shavu la Kushoto la Anjela

Jumatano jioni, Julai

Nilijiona nina akili kweli. Ule mkorogo wa kung'arisha ngozi anaoniuzia jirani yangu, anaoufuata mpakani Tunduma, sikuupaka kwenye matiti hata siku moja, kwa sababu mtoto ananyonya. Nilipaka uso, shingo na mabega tu.

Leo mama mkwe amekuja kutoka Pito na unga wake wa ulezi. Nilimwamkia, nikamfungua Anjela mgongoni, nikampa. Akamgeuzia dirishani, akacheka.

"Mama Anjela, mwanao anaanza kung'aa! Atakuwa mweupe kama marehemu babu yake."

Nikacheka naye. Halafu nikaangalia vizuri.

Ni shavu la kushoto peke yake. Ndilo analolilaza kwenye bega langu kila siku nikimbeba, na kwa baridi hii namfunga kwa vitenge viwili, amenigandia kabisa. Tena akisikia njaa hulinyonya lile bega kabla sijamshusha. Nilikuwa nacheka nikimsikia. Mungu wangu, nilikuwa nacheka.

Kopo lenyewe limeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Kesho asubuhi nampeleka kliniki. Muuguzi ataniuliza nimempaka nini, nami nitajibu nini? Sijampaka kitu. Na baba yake akisikia...

Mama mkwe ameondoka na furaha yake, anakwenda kuutangazia ukoo mzima.

Nimesugua bega kwa sabuni mara tatu, bado linanukia. Anjela analilia mgongo, nami naogopa kumbeba.